Nguzo Katikati ya Safu

Kasongo, 7 Desemba 2025

Mujomba Hemedi,

Hili sijamwambia mutu, hata Mama. Siku tulipomuzika Koko Aziza, mama yenu wewe na Mama, mimi sikumulilia Koko. Nililia ndege.

Wanaume walikuwa wamekwenda makaburini na jeneza, sisi wanawake tumebaki ndani, mvua inapiga mabati mpaka Kurani haisikiki. Halafu ikasikika ile sauti. Ilitoka upande wa Kabambare, juu ya mawingu, ikapita, ikarudi, ikapita tena chini zaidi. Mama alitoka bila viatu, akasimama uani, kitenge kimelowa, akatazama juu. Hakuna kitu, ni weupe tu. Akasema, "Ni yeye." Kisha sauti ikaondoka kidogo kidogo, kama mutu anayeondoka na taa. Hapo nililia mpaka wakanishika. Wakasema mutoto huyu alimupenda kweli koko wake. Niliwaacha waamini hivyo.

Naona nimeanza bila salamu. Asalam aleikum, Mujomba. Sisi tuko, tunamushukuru Mungu. Mama sasa anapata usingizi. Baba anakusalimu, duka linakwenda polepole kwa sababu kamyo za mizigo hazipiti. Pitchou, yule motard anayetubebea barua, anasema kati ya hapa na Kabambare ni yeye anayebeba pikipiki, si pikipiki inayomubeba yeye. Mimi niko mwaka wa tano, sayansi, palepale lycée. Asubuhi tunasoma kwa Kifaransa, jioni madrasa kwa Kiswahili, na kote kuwili mimi ndiye yule asiyeinua mukono. Ndiyo maana ninakuandikia. Simu ni ya Baba, na network tunaifuata kule kilimani, watu wamepanga mustari, kila mumoja anasikia ya mwenzake. Mbele ya simu ulimi wangu unakauka.

Neno langu ni moja tu. Ulikuwa ndani ya ile ndege? Mama anasema ndiyo. Baba anasema hapana, Hemedi angekuja angeshuka. Na kama ulikuwamo, kwa nini Magloire hakushuka? Yeye ni piloti anayejua kiwanja chetu kama ua wa nyumba yake.

Kuna mutu anakuja. Naiweka karatasi chini ya lungo la muchele.

Mwanvua wako


Kalemie, 11 Januari 2026

Binti yangu Mwanvua,

Waaleikum salam. Barua yako ililala Kabambare, dukani kwa mama Olga, mpaka kamyo moja ikapata moyo wa kuondoka. Imenifikia na kona moja imeliwa na panya. Nafurahi kwamba dada yangu analala. Huku ziwa limechafuka, ndakala, dagaa wetu, hawaonekani, tunakula maharage na kulalamika.

Ndiyo, nilikuwamo. Nilikaa kando ya Magloire, na sanda ya Koko magotini. Nilijua mtakuwa mumeshapata nguo nyingine, lakini nilitaka mukono wangu uwemo katika mazishi ya mama yangu. Bado iko hapa kabatini, imekunjwa vilevile.

Umesoma fizikia, basi nitakuambia kama ninavyowaambia vijana wangu wa atelie ya misheni, pale tunapotengeneza vyombo vya ndege zake. Satelite zinaiambia ndege iko wapi, lakini hazisemi kweli yote. Habari yao inachelewa kidogo ikipita hewani, leo hivi, kesho vile. Ukiwa juu haidhuru. Ukikaribia ardhi inadhuru. Kwa hiyo kuna kimo ambacho piloti akikifikia bila kuona kiwanja kwa macho yake, lazima apande tena. Siku ile wingu lilikuwa limekaa chini ya kimo hicho. Magloire alikifikia, akapanda, akajaribu tena. Mara ya mwisho alinigeukia. Mimi nikatazama dirisha.

Hiyo njo sababu ya ile stesheni ndogo niliyoisimika kwenu mwaka jana. Antena inakaa ardhini, mahali palipopimwa sawasawa. Inasikiliza satelite zilezile, inalinganisha zinachosema na mahali inapojua imesimama, halafu kwa redio inaiambia ndege: leo zinakudanganya kiasi hiki, rekebisha. Hapo piloti anaweza kuteremka ndani ya wingu kuliko satelite peke yake inavyomuruhusu. Lakini majaribio ya kwenu yalishindwa, misheni ikaondoa vyombo, na ripoti niliisaini mimi. Hayo yamekwisha, tusiyachimbe.

Usiache masomo. Na ujaribu kuinua mukono, hata mara moja.

Mujomba wako,
Hemedi


Kasongo, 30 Januari 2026

Mujomba mupenzi,

Asalam aleikum. Sote tuko wazima. Mbuzi wa Mama alizaa mapacha, mumoja mweupe mumoja mweusi, Baba anawaita Ndiyo na Hapana. Mama nilimusomea sehemu ya sanda tu. Akaniambia nisome tena. Kisha akaenda kuchota maji na mutungi ulikuwa umejaa. Baba aliuliza Hemedi anasema nini, nikasema anasalimu.

Uliandika kwamba antena inajua mahali imesimama. Maneno hayo hayaniachi. Nataka kukueleza jambo, na unisamehe kama unalijua.

Uwanja wetu wa Idi ni yale majani kando ya kiwanja cha ndege, unapakumbuka. Nguzo yako ya antena uliisimika pale mwaka jana kabla ya Ramadhani. Siku moja kabla ya Idi, Baba na wazee wa musikiti walikwenda kufyeka na kuvuta kamba za safu. Nguzo ikajikuta katikati ya safu ya tatu. Baba unamujua, safu ikipinda hali chakula. Aliizunguka, akaitazama, akasema, "Mutu wa hapa ataswali na chuma puani." Walicheka sana. Alitaka kukupigia kwanza, akapanda kilimani, network hakuna, akashuka.

Basi waliing'oa taratibu kama mutu anayetoa mutoto kwenye usingizi. Wakaisogeza pembeni, upana wa safu ishirini hivi, karibu na shamba la karanga, wakaisimika kwa simenti ambayo Baba alikuwa ameiweka kwa kizingiti cha duka. Mimi nilikuwa nimeleta chai. Akaniita mbele ya wote: "Wewe wa lycée, njoo ushike hii waya isikatike." Nikaishika. Taa ya kijani haikuzimika hata kidogo. Baba akaigonga kwa kidole akasema, "Munaona? Hata haikununa."

Nilijivuna, Mujomba. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mbele za watu kwa ajili ya masomo yangu. Baada ya Idi hakuna aliyefikiri kuirudisha. Pale ilionekana imekaa vizuri zaidi, na mbuzi hawakuifikia.

Halafu ukaja wewe na vyombo vyako, na Magloire akaja kwa majaribio, mbingu safi. Tulijaa kando ya kiwanja. Ndege ilinyooka vizuri kabisa, lakini ilinyookea kwenye karanga. Mwishoni Magloire aliona kwa macho, akainua pua. Watu wakasema piloti amelewa. Mimi nilitazama nguzo, nikatazama karanga, lakini sikujua bado ninachojua.

Sasa nauliza. Antena ikihamishwa na yenyewe haijui, si itadanganya kwa sauti ileile ya kusema kweli? Na ndege si itahama pamoja nayo? Na wewe ulijua?

Baba amerudi kutoka dukani. Lungo tena.

Mwanvua


Kalemie, 20 Februari 2026

Mwanvua,

Ramadhani njema kwenu nyote. Magloire anakuja Kasongo kama mbingu itamuruhusu, nimemupa tende, nguo yako ya shule, na dawa ya macho ya Baba yako. Atie matone mawili asubuhi na asisahau kama mwaka jana. Hapa tunafungua kwa uji na ndakala, wamerudi, alhamdulillah.

Habari nyingine ni kwamba baada ya mvua misheni italeta stesheni mpya. Wanafikiri kuipeleka Kabambare. Kasongo imeandikwa kama mahali ambapo mawimbi hayaaminiki. Kabambare nao wana wagonjwa wa kubebwa na ndege, kwa hiyo ni vizuri.

Kwa yale uliyouliza, soma fizikia yako. Vyombo vinashindwa kwa sababu nyingi.

Hemedi


Kasongo, 3 Machi 2026

Mujomba,

Asalam aleikum. Tende zimefika, nguo inanitosha, matone Baba anayasahau. Nimesoma fizikia yangu. Inasema hukunijibu.

Unisamehe. Mbele yako nisingeweza kutamka hivyo. Karatasi inanipa ujasiri ambao sina.

Juzi wakati wa kufungua, watu wa jirani walikuwapo, wakaanza habari za ndege. Baba akasema, "Shemeji yangu alituletea mashine ya kuita ndege. Ikashindwa hata kumuita yeye mwenyewe aje kumuzika mama yake." Alisema akicheka, na kicheko kikamufia mudomoni. Mama akatazama sahani. Nilikuwa na kipande cha muhogo mukononi, nikakaa nacho mpaka kikapoa. Nilitaka kusema. Unajua ninavyokuwa. Kila neno linaomba ruhusa kwanza.

Baadaye, tukiosha vyombo, Mama aliniambia jambo ambalo wanaume hawakutuambia siku ile. Kule makaburini Koko alikuwa ameshashushwa. Baba njo alikuwa na jembe. Waliposikia ndege, akasimamisha kila mutu. Imamu akamwambia mvua inaingia kaburini, tufukie. Baba akasema, "Musubirini mutoto wake." Wakasubiri. Sauti ikaja, ikaenda, ikaja, maji yanapanda, Baba amesimama ukingoni na jembe, anaangalia barabara ya kiwanja kana kwamba utatokea unakimbia. Sauti ilipokwisha kabisa, njo akatupa udongo wa kwanza. Na mpaka leo kwa watu anasema hukuwamo. Mama anasema ni aibu yake kwa niaba yako. Moyoni Baba anafikiri uliogopa kushuka.

Mimi ninavyokaa hapa najua vitu viwili ambavyo Baba hajui, na vinaniuma kila kimoja upande wake. Kwamba wewe hukuogopa. Na kwamba nguzo ile, aliyoihamisha kwa heshima ya swala, njo ingekushusha.

Nilikwenda kuangalia. Nguzo bado imesimama kwenye simenti yake, bila chombo. Na pale ilipokuwa mwanzo, majani yameota tofauti. Shimo linajulikana.

Nijibu.

Mwanvua


Kalemie, 10 Machi 2026

Mwanangu,

Salamu kwenu, na kwa Ndiyo na Hapana. Leo sina habari za ndakala.

Nilijua. Nilijua tangu asubuhi ile ya majaribio, baada ya Magloire kuinua pua. Nilikwenda kwenye nguzo nikaona simenti. Mimi nilitumia mawe na udongo, sikuwa na simenti. Stesheni kubwa zina antena kadhaa, moja ikihama nyingine zinaishitaki. Sisi ya majaribio tulikuwa nayo moja tu, ilikuwa haina wa kuishitaki. Nilikuwa bado nimesimama pale, baba yako akaja na chai. Akapiga nguzo kwa kiganja akaniambia, "Shemeji, tumekusaidia. Yako ilikuwa inayumba." Uso wake ulikuwa na furaha, Mwanvua. Nikanywa chai.

Ningeandika kwamba wenyeji wamehamisha chombo cha usalama wa ndege, wangeitwa kwa wakuu, na unajua mutu akiitwa kule anarudi lini. Hiyo njo sababu niliyojipa. Iko nyingine chini yake.

Mimi nilizaliwa Kasongo. Katika safu ile ya tatu nilisimama kando ya baba yangu tangu sijui kufunga shuka. Nilipokuja na kipimo changu kutafuta mahali penye mbingu wazi kuliko pote, pasipo muti wala nyumba ya kuzuia satelite, kilinipeleka palepale. Wazee walipachagua kabla yangu kwa sababu hiyohiyo. Nilifurahi kuona chombo na wazee wanakubaliana. Nikachimba. Sikuuliza mutu. Nilikuwa na karatasi za misheni, na kofia ya kazi, na haraka. Ningemuuliza tu baba yako Bakari, mutu wa kupanga safu, angenitembeza majani yale yote na kunionyesha pembe ambayo hakuna mutu anasujudu. Nguzo isingehamishwa maisha. Kwa hiyo niliposaini kwamba vyombo vimeshindwa, sikuona kama nimedanganya sana. Nilifikiri atakayelipa ni mimi peke yangu. Sikujua zamu ya kwanza itakuwa ya mama yangu.

Sikujua pia habari ya jembe. Barua yako nimeisomea nje, kwa sababu ndani kuna watu.

Sasa sikiliza. Mwezi wa nne wanafunga uamuzi. Neno langu halina uzito tena, niliishasaini. Lingehitajika neno la mutu wa Kasongo aliyekuwapo, kwa mukono wake, kwamba nguzo ilihamishwa na kwamba shimo la kwanza linajulikana. Hapo wangepima upya, mahali pengine, kwa kuuliza. Lakini mimi sikuombi hilo. Ninakuomba kinyume. Usimwambie Bakari. Akijua nguzo ilifanya nini, atajua pia alikuwa anasubiri nini pale kaburini. Mwache anione mwoga. Ninaweza kubeba. Choma barua hii.

Hemedi


Kasongo, 17 Machi 2026

Mujomba wangu,

Asalam aleikum. Idi iko mulangoni, imebaki mwezi kuonekana. Mama ameshona vitenge. Ndiyo amekula kamba ya safu ya Baba, nusu nzima, na Baba amemusamehe kwa kuwa ni mwezi mutukufu. Angekuwa Hapana, anasema, angekuwa mchuzi.

Sikuchoma. Ninakuomba radhi mara moja kwa hilo na kwa litakalofuata.

Nimefikiri sana juu ya neno lako, kwamba unaweza kubeba. Nadhani wewe unaweza. Lakini hubebi peke yako. Baba anabeba shemeji aliyemukimbia mama yake. Mama anabeba wote wawili na kunyamaza. Mimi ninabeba waya. Na mvua ya mwaka huu itakuja ipate kiwanja kilekile, kimo kilekile, na mugonjwa anasikia ndege juu ya bati, na watu wake wanasema ni yeye, ni yeye, mpaka sauti iondoke. Kabambare wapate ya kwao, Mungu awape. Lakini kwetu hapakuwa pabaya. Tulikuwa hatujaulizwa, halafu na sisi hatukuuliza.

Ningeweza kuandika mwenyewe kwa misheni. Kifaransa ninacho, na nilishika waya, mimi ni mutu aliyekuwapo. Nilianza hata. Nikaona nitamufanyia Baba kilekile mulichofanyiana ninyi wawili, kumuhamisha bila kumuuliza. Nguzo ni yeye aliihamisha. Neno ni lake.

Leo baada ya swala ya alasiri alikwenda kuvuta kamba kule uwanjani. Kabla ya kutoka alisema mbele ya Mama, bila kunitazama, kwamba safu ya tatu mwaka huu ataacha nafasi moja upande wa kulia, na mutu asisimame pale. Mama akamuuliza ni ya nani. Akasema, "Ya mutu aliye safarini."

Kwa hiyo nimeketi kwenye meza yake, hii ya kuhesabia bidhaa. Barua zako zote ziko hapa, kwa kufuatana, ile ya sanda juu. Hii ninayoandika ninaiweka ya mwisho. Nikiulizwa nitasema kwa mudomo, na kama mudomo utakataa, karatasi zipo.

Nasikia viatu vyake kwenye changarawe. Anakohoa kama anavyokohoa kila akifika uani, ili wanawake wajue. Barua zote nilizokuandikia nilizificha chini ya lungo nikisikia kikohozi hicho. Lungo leo nimelitundika ukutani.

Anavua viatu. Nageuza karatasi imuelekee yeye, na kalamu naiweka juu yake.